Dondoo muhimu: Ubuntu ikibadilika sura darasani

Mwalimu wa kompyuta wa Kibosho au Marangu, mlimani juu ya Moshi, anayetumia mfumo endeshi wa Ubuntu asipandishe toleo muhula ukiwa katikati. Aprili 2011, toleo la 11.04 lilileta Unity, sura mpya ya skrini: menyu za juu za GNOME zilizozoeleka zikaondoka, safu ya alama ikasimama kushoto. Oktoba 2017 Unity nayo ikaachwa, GNOME ikarudi na sura nyingine. Aliyekariri "bonyeza pale juu" alipotea mara mbili.

Shika matoleo ya LTS, yaani ya huduma ya muda mrefu. Hutoka kila baada ya miaka 2 na hupata masahihisho ya usalama kwa miaka 5, yaani kidato cha kwanza hadi cha nne bila kuhama.

Toleo jipya lipakue mara moja ukiwa Moshi mjini, uliweke kwenye flashi, kisha upande nalo shuleni. Kulipakua upya kwa kila mashine ni kuteketeza bando. Washa kompyuta moja kwa flashi hiyo bila kugusa diski, ujaribu printa na projekta.

Kompyuta kuukuu ziwekee sura nyepesi, Xfce au MATE. MATE inaendeleza GNOME 2, sura ya kabla ya Unity, ndiyo maana wazoefu wa zamani huipenda.

Zaidi ya yote, fundisha kazi, si mahali pa kitufe. Ctrl+S huhifadhi karibu popote. Tena fundisha kwa Kiswahili: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice yenye menyu za Kiswahili tangu 2004.