Maua ya Kwetu ya Kutambaa: Jua Kwanza Yanashikaje

Kwenye nyua nyingi hapa Tanga, ua la kutambaa ni bogenvilia, mgeni kutoka Amerika ya Kusini. Sina ugomvi nayo, inavumilia jua kali. Lakini vichakani kwetu kuna mimea inayopanda na kuchanua kwa fahari, na inastahili nafasi nyumbani. Kila anayeniomba mbegu namwambia: kabla hujachimba shimo, jua mmea wako unashikaje.

Thunbergia alata, yenye maua ya rangi ya chungwa na kitovu cheusi, huzungusha shina. Mimi huifungia kamba za katani kutoka chini hadi ukingo wa paa la baraza. Mbegu naziloweka usiku kucha, nazifukia kidogo tu masika yanapoanza. Ikifika juu, kata vilele ili itoe matawi ya pembeni. Usipokata, maua yote yatakwenda juu ya paa na chini vitabaki vijiti. Mbegu zinazodondoka huota zenyewe, kwa hiyo ng'oa miche ya ziada mapema. Nyuki wakubwa weusi wanaipenda mno.

Gloriosa superba ndiyo inayonipendeza zaidi, na ndiyo inayotaka uangalifu. Haizungushi shina. Hushika kwa ncha za majani, zilizojikunja kama mkia wa kinyonga. Ukuta haiuwezi, na nguzo nene pia haiwezi kuikumbata. Ipe fito nyembamba, wavu wa kuku, au kichaka cha kuegemea.

Hupandwa kwa kiazi. Kilaze ubavu, kina cha sentimita 5 hadi 10, kwenye udongo wa kichanga wenye mboji kidogo. Jicho la kuotea liko nchani, nalo huvunjika upesi. Likivunjika, ncha hiyo haichipui. Maji yakituama, kiazi huoza. Mvua ikikolea, shina hutoka kwa kasi, kisha maua yenye petali zilizopinda nyuma, manjano na nyekundu, wekundu ukizidi siku hadi siku. Kwa mbegu inawezekana pia, ila utangoja misimu kadhaa. Hata hivyo nakusihi uchukue mbegu porini, viazi uviache huko.

Sasa sikiliza vizuri: mmea huu wote ni sumu, na kiazi ndicho hatari zaidi. Kina kolchisini, inayoweza kuua mtu, na asiyekijua anaweza kukidhania kiazi cha kula. Nyumba yenye mtoto anayetia kila kitu mdomoni, au mbuzi wanaozurura, ipande Thunbergia, basi.

Baada ya kuchanua majani hugeuka manjano na shina hunyauka. Si ugonjwa. Acha kumwagilia, kiazi kinapumzika hadi mvua zijazo. Chomeka kijiti mahali kilipo ili jembe lisikikate, na ukilazimika kukihamisha, vaa glavu.