Somo la Kumi na Mbili: Ndoo Kwenye Mnyaa

Mwaka 2020 ulikuwa mwaka wa hofu. Tarehe 11 Machi Shirika la Afya Duniani lilisema kuwa ugonjwa wa korona, yaani UVIKO-19, umekuwa janga la dunia nzima. Tarehe 16 Machi Serikali yetu ilitangaza mgonjwa wa kwanza, huko Arusha. Shule zilifungwa. Makanisa hayakufungwa, wala misikiti. Tarehe 17 hadi 19 Aprili zilikuwa siku tatu za maombi ya taifa zima.

Wakati huo nilikuwa natembelea madarasa ya kisomo katika vijiji vya Bariadi, mkoani Simiyu. Katika kijiji kimoja kuna kigango kidogo cha Wakatoliki. Padri hufika mara chache, na Jumapili nyingine ibada huongozwa na katekista. Waumini wamegawanyika katika jumuiya ndogondogo. Kila wiki jumuiya husali nyumbani kwa mmoja wao.

Ndugu mwanakisomo, wewe unajua desturi zetu. Watu wakikutana hushikana mikono. Mtu akiugua, watu hujaa nyumbani kwake. Kwenye msiba watu hulala matangani. Lakini korona huenda kwa njia hiyo hiyo. Mgonjwa akikohoa, akiongea au akiimba, hutoa virusi katika pumzi yake. Aliye karibu naye huvivuta. Ndani ya nyumba isiyopitisha hewa hatari ni kubwa zaidi. Tena, mtu aweza kuambukiza wenzake kabla hajajisikia mgonjwa.

Kigango kiliweka kibuyu chirizi na sabuni mlangoni. Watu waliacha kupeana mikono wakati wa kutakiana amani. Mabenchi yalitolewa nje, chini ya mwembe. Hayo yalikuwa mepesi. Jambo gumu lilikuja mwezi wa Mei.

Kijana mmoja alirudi kutoka Mwanza akikohoa. Alifikia kwa mama yake, mjane mzee. Baada ya siku chache mama naye akaanza homa. Habari zilienea kijijini upesi. Siku nne hakuna mtu aliyekanyaga uwanja ule. Watoto walikatazwa kupita njia ile. Mama yule alikuwa mwanajumuiya, na hata mwenyekiti wa jumuiya hakwenda. Baadaye mwenyekiti alisema mbele ya wenzake, "Mimi niliogopa. Nilisali nyumbani kwangu, nikajiambia kwamba inatosha."

Siku ya tano mama mmoja wa WAWATA alipita kwenda kisimani. Aliona jiko la mjane halitoi moshi. Akasimama nje ya ua wa minyaa akaita, "Mwangaluka, mayu!" Sauti ilijibu toka ndani, lakini ilikuwa ndogo sana. Nyumba ile haikuwa na maji tangu jana yake.

Jioni jumuiya ilikutana chini ya mwembe, kila mtu mbali na mwenzake. Walibishana sana. Mmoja alisema, "Tukienda tutaleta ugonjwa kwa watoto wetu." Mwingine alisema, "Wajifukize kwa majani, watapona." Mganga wa zahanati alikuwa ameitwa. Aliwaambia wazi kuwa mvuke hauui virusi vya korona, na kwamba maji ya moto yameunguza watu. Alisema mgonjwa apewe maji mengi na chakula, na akianza kupumua kwa shida apelekwe hospitali mara moja. Mimi naona mganga yule alifanya kazi kubwa, maana mwaka ule wengi hawakupenda kusikia maneno hayo.

Basi wakakubaliana hivi. Kila asubuhi mtu mmoja apeleke ndoo ya maji na kuiacha chini ya mnyaa wa pembeni. Siku nyingine aongeze unga, michembe au maziwa. Asiingie ndani. Asimame mbali, asalimie, aulize hali, angoje jibu. Mgonjwa akisema pumzi inabana, aliye zamu amwite mganga.

Zamu ziliandikwa katika daftari na mama mmoja wa darasa letu. Alikuwa amejua kuandika mwaka uliotangulia tu. Nililiona daftari lile. Lilikuwa na jina, siku, na kilichopelekwa. Mahali pamoja aliandika: "Alhamisi. Maji. Mayu amecheka."

Mjane na mwanawe walipona. Hatujui kwa hakika kama ilikuwa korona, kwa sababu hawakupimwa. Wengine kijijini hawakupona. Mzee mmoja alizikwa mwezi wa Juni, na watu walilala matangani kama zamani. Kigango hakikuweza kuwazuia.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 ugonjwa ulirudi kwa nguvu. Mwezi wa Januari maaskofu Wakatoliki waliwaandikia waumini wajihadhari. Mwezi wa Machi katibu mkuu wa Baraza la Maaskofu alisema kuwa katika miezi miwili mapadri zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki, wengi wakiwa na shida ya kupumua. Tarehe 28 Julai 2021 chanjo ilizinduliwa nchini. Siku zile daftari lilifunguliwa tena, ukurasa mpya.

MANENO MAGUMU
Janga: balaa linalowapata watu wengi kwa pamoja.
Kibuyu chirizi: chombo cha kunawia mikono, kinachotoa maji kidogo kidogo.
Minyaa: miti ya utomvu inayopandwa kuwa ua.

MASWALI YA MAJADILIANO
1. Kwa nini watu hawakwenda kwa mjane siku nne? Wewe ungefanyaje?
2. Kwa nini mleta maji hakuingia ndani?
3. Je, kijijini kwenu msiba wa mgonjwa wa kuambukiza ungefanywaje? Nani angewaambia watu, nao wangemsikiliza?

KAZI YA KUANDIKA
Andika majina ya watu watatu wanaoishi peke yao karibu nawe. Mbele ya kila jina andika ni nani huwachotea maji wakiugua.