Maji Twahara, Maji Salama



Katika mlango wa tohara tumesoma kwamba maji mengi hubaki twahara mpaka najisi ibadilishe rangi, ladha au harufu yake. Basi Ziwa Tanganyika ni twahara. Lakini mimi nimekulia Rumonge, na najua kuwa kipindupindu hakibadilishi hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Kiliingia Burundi mwaka 1978. Kilipolipuka Rumonge mwaka 1992, watafiti walikuta kwamba waliokunywa maji ya ziwa na waliooga humo walikuwa katika hatari zaidi. Nikajiuliza: kiumbe asiyeonekana humkaushaje mtu kwa siku moja?

Jibu limo ndani ya seli za utumbo. Humo mna vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za mwili. Vingine husubiri kuamshwa. Kimojawapo huamshwa na protini ya G, ambayo ni kama swichi: huwaka, kisha hujizima yenyewe.

Sumu ya kipindupindu haiivunji swichi hiyo. Huibandika kipande kidogo cha kemikali, nayo ikashindwa kujizima. Kimeng'enya hubaki macho, kikatengeneza ujumbe wa kemikali bila kikomo. Milango ya kloridi hufunguka, chumvi ikatoka na maji yakaifuata. Aliyezidiwa aweza kupoteza hata lita 1 kwa saa.

Alhamdulillah, uko mlango mwingine ambao sumu haiuharibu: ule unaoingiza sukari pamoja na chumvi, na maji nyuma yake. Ndiyo siri ya maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vikiwa vya kusawazisha. Mnywesheni mgonjwa mkiwa njiani kuelekea kituo cha afya. Msimngojee apone nyumbani.

Mtume (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama na kujisaidia penye vyanzo vya maji. Zamani niliyaona hayo kuwa adabu tu. Leo nayaona kuwa ni kulinda nafsi, mojawapo ya makusudio matano ya Sharia.

Kwa hiyo, udhu wa maji ya ziwa unasihi. Lakini wakati wa mlipuko, maji ya kusukutua na ya kunywa tuyachemshe au tuyatie klorini. Twahara ni hukumu ya fiqhi. Usalama nao una elimu yake, na Muislamu anazihitaji zote mbili.