Kabla hujanunua vitamini za kuchangamsha moyo

1. Pima kwanza, nunua baadaye. Vitamini humwinua aliyepungukiwa. Aliyeshiba hapati furaha ya ziada. Ule umanjano mkali wa mkojo baada ya kumeza multivitamini ni vitamini B2 ikitoka, na hela yako nyuma yake. Moyo mzito na uchovu usioisha? Kapime wingi wa damu na tezi ya thairoidi.

2. Uliza kuhusu B12. Ningekuwa na hela ya kipimo kimoja cha vitamini, ningepima hii. Imo kwenye nyama, maini, dagaa, mayai na maziwa. Mchicha hauna, hata ule sufuria nzima. Ikipungua huleta huzuni, usahaulifu na ganzi miguuni. Walio hatarini ni wasiokula vitu vya wanyama, wazee ambao tumbo lao haliifyonzi vizuri, na wanaotumia metformin ya kisukari kwa miaka. Hawa wa mwisho ndio huonewa zaidi: wakisema miguu ina ganzi, huambiwa “ni sukari hiyo”, na habari inaishia hapo. Tena usijitibu kwa vidonge vya foliki asidi peke yake. Wingi wa damu unaweza kupanda, kila mtu akafurahi, huku neva zinaendelea kuharibika kimyakimya.

3. Vitamini D isikutie wazimu. Marekani, watu zaidi ya 18,000 wenye miaka 50 na kuendelea walipewa yuniti 2,000 kwa siku au kidonge kisicho na kitu, kwa takribani miaka mitano. Majibu yalitoka 2020: waliomeza vitamini hawakukingwa na sonona kuliko wenzao. Kwa mifupa ya ndugu aliye Ulaya kipindi cha baridi, au asiyetoka nje kabisa, hiyo ni hoja nyingine, na ina mashiko.

4. Sogeza chai. Madini ya chuma si vitamini, najua, lakini wanawake wengi wanaojiona wavivu wamepungukiwa damu tu. Chai ya rangi juu ya maharage huzuia chuma kufyonzwa. Inywe saa moja baadaye; kwenye chakula kamulia ndimu.

5. Soma kibandiko. B6 nyingi kwa miezi huumiza neva, na imejificha kwenye vidonge vya “nguvu”, vya “neva” na vya “nywele” kwa pamoja. Mjamzito asiguse vitamini A ya dozi kubwa. Inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

6. Huzuni ikipita wiki mbili, usingizi umekimbia, hata ulichokipenda hakikugusi tena, nenda kwa daktari. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, nenda leo na mtu wako wa karibu. Kama tayari unatumia dawa za sonona, usiziache kwa sababu shoga yako kapona kwa kichupa. Mbebee daktari vichupa vyote unavyomeza, hata kile cha mitishamba ulichouziwa kwenye basi.