Mvua kubwa inyeshapo, jihadhari na damu ya mfugo

Mkazi wa Kiganjo, Thika, anayefuga ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba huenda akajiuliza: mvua inahusu nini afya ya jamii yangu? Jibu linapatikana katika homa ya Bonde la Ufa.

Virusi vya maradhi haya vilitambuliwa na wataalamu wa maabara ya mifugo ya Kabete mwaka wa 1931, baada ya kondoo wengi kufa karibu na Ziwa Naivasha. Baadaye watafiti waligundua maficho yake. Mbu aina ya Aedes hutaga mayai yenye virusi katika udongo wa mabonde yanayofurika. Mayai hayo hustahimili ukavu kwa miaka. Mafuriko yajapo, huanguliwa kwa wingi na mbu kuuma mifugo. Mbu wengine, Culex, huzaana katika maji yaliyotuama na kueneza maradhi zaidi.

Ndiyo sababu maradhi haya yalizuka wakati wa mvua za El Nino mwaka wa 1997 na 1998. Mwaka wa 2006 wanasayansi waliona bahari ikipata joto wakatoa onyo mapema. Kufikia Desemba watu walikuwa wakiugua Garissa, na zaidi ya 150 walifariki nchini.

Ardhi nayo ina sehemu yake. Kandokando ya Thika na Ruiru, mashamba ya kahawa yamegeuzwa ploti, na machimbo ya mawe yaliyoachwa hujaa maji. Mifugo, mbu na watu sasa ni majirani wa karibu.

Hata hivyo, wengi huambukizwa kwa kugusa damu au kijusi cha mnyama mgonjwa. Dalili ni homa, kuumwa na kichwa na misuli. Wengi hupona, lakini wachache hutokwa na damu, hupofuka au kufa.

Tufanye nini?

• Ng'ombe, mbuzi au kondoo wakiharibu mimba kwa wingi, mwite daktari wa mifugo. Usiguse kijusi kwa mikono mitupu.

• Usichinje mnyama mgonjwa nyumbani. Nunua nyama iliyopigwa muhuri.

• Chemsha maziwa, pika nyama iive.

• Chanja mifugo kabla ya mvua. Maradhi yakishazuka, sindano yenyewe yaweza kuyaeneza.

• Lala ndani ya neti.

Binadamu bado hana chanjo iliyoidhinishwa. Kinga yake huanzia zizini.