Ukialikwa Kutoa Mada, Usiende Kulia

Maasistenti kadhaa wa hapa Baraka wameniuliza namna ya kujiandaa kwa mikutano ya vyombo vya habari na teknolojia katika elimu ya juu. Nimewajibu kwa sauti za WhatsApp mpaka koo limekauka, bora niandike mara moja kila mtu asome.

Kwanza niseme linalouma. Sisi watu wa Kivu Kusini tukipanda jukwaani tunaanza na vita, barabara na umeme. Slaidi ya kwanza ramani, ya pili daraja lililokatika, ya tatu darasa lenye bati lililotoboka. Yote ni kweli tupu. Lakini umepewa dakika 15, na waliokaa mbele yako wametoka Dakar, Kampala na Nairobi kutaka kujua mlifanyaje. Huruma wanayo, ila huruma haifundishiki chuoni kwao. Hali ya Fizi iseme kwa sentensi mbili, kisha ingia kazini.

Nichukue mfano wa kazi yetu wenyewe. Chuo chetu, kama vyuo vingi vilivyo mbali na Bukavu, kinategemea maprofesa wageni. Profesa anashuka kutoka Bukavu au Uvira, anafundisha somo la saa 45 kwa siku chache mfululizo, anaondoka. Mvua ikiikata Barabara ya Taifa namba 5, au bunduki zikisikika njiani, profesa haji. Somo linasogezwa, na mwaka wa masomo unasogea nalo. Ndipo tukamwomba profesa arekodi somo kwa simu yake, vipande vya dakika tano tano. Sauti ya WhatsApp ya dakika 5 kwa kawaida haifiki mega 1, kwa hiyo hata mtandao wetu unaibeba. Mkuu wa promosheni anaipokea, halafu inatembea kwa Bluetooth na kadi za memori hadi kwa wenzake wa Mboko, Lweba na Fizi. Silabusi inachapwa sekreteria. Asistenti anakaa na wanafunzi, wanasikiliza pamoja, wanabishana.

Hiyo ni mada. Tena ni mada nzuri kuliko "Umuhimu wa teknolojia katika elimu ya juu nchini Kongo", kichwa ambacho kamati zimekiona mpaka zimekichoka. Andika: "Somo la saa 45 bila profesa kufika". Katika muhtasari sema tatizo lilikuwa nini, mlifanya nini, mkaona nini, na kipi kilikataa. Hicho kilichokataa usikifiche. Kwetu, simu ndogo za vitufe zisizo na nafasi ya kadi ziliwaacha wanafunzi nje ya mpango, mpaka tukawapanga wawili wawili. Tulipotoa mada, jambo hilo dogo ndilo lililoulizwa sana kuliko yote.

Swali jingine linalokuja kila mahali, na naapa utaulizwa: mlijuaje kwamba wamesikiliza? Usiende bila jibu. Sisi kila sauti inamalizika na swali, na mwanafunzi anajibu kwa mkono kwenye karatasi anayoipeleka kwa asistenti. Hesabu karatasi hizo kabla hujafunga begi: wangapi walipokea, wangapi walijibu, wangapi walifika mtihani. Namba tatu ulizohesabu mwenyewe zina uzito kuliko takwimu za dunia nzima ulizookota mtandaoni. Na umwombe profesa ruhusa ya kuchezesha sauti yake ukumbini. Sura za wanafunzi usizionyeshe kabisa, kwetu picha iliyozagaa inaweza kumletea mtu matatizo.

Wengine wanaona haya kwamba kadi ya memori ni teknolojia ya kizamani. Wajibu kwa historia. Mwaka 1973 majirani zetu Tanzania waliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio, vijitabu na vikundi vya kusikiliza vyenye viongozi wao. Walishiriki watu wapatao milioni 2. Itazame vizuri: sauti, karatasi, na mtu wa kukaa na wasikilizaji. Mpango wetu haukutoka hewani, na kuuweka kwenye ukoo wake kunakupa heshima mbele ya wataalamu.

Sasa vitu vya mkononi. Soketi za Tanzania, Kenya na Uganda ni za miguu mitatu bapa, na chaja zetu nyingi ni za miguu miwili ya mviringo. Nunua adapta kabla ya siku yako. Kompyuta ya ukumbini haitakuwa na kibodi ya AZERTY, kwa hiyo neno la siri lenye alama za ajabu litakuaibisha hadharani. Peleka faili kwenye fleshi, la PowerPoint na la PDF, usitegemee kufungua barua pepe pale mbele. Sauti na video ziwe ndani ya fleshi hiyo hiyo. Na kumbuka saa ya Baraka iko nyuma ya saa ya Dar es Salaam kwa saa moja. Ukitoa mada kwa mtandao ukiwa nyumbani, hesabu vizuri, maana mwenyekiti hatakusubiri.

Ukiweza, onyesha kitu kinachofanya kazi. Raspberry Pi, kompyuta inayoenea kiganjani, inaendeshwa na pawabenki. Weka ndani yake programu ya Kiwix yenye Wikipedia ya Kifaransa, iwashe mezani, uombe watu wa mstari wa mbele wajiunge na wi-fi yake. Mstari wa mbele tu, ukumbi mzima itazidiwa. Mtu akisoma Wikipedia kwenye simu yake huku data ameizima, hutahitaji slaidi ya kumweleza maktaba isiyo na intaneti ni nini.

Lugha isikutishe. eLearning Africa, mkutano ulioanzia Addis Ababa mwaka 2006 na uliofika Dar es Salaam mwaka 2011 na tena 2025, hupokea Kifaransa na Kiingereza. Ninachoshauri: sema kwa Kifaransa, slaidi ziwe za Kiingereza. Kila upande utashika kitu. Kiswahili kitakufaa kwenye foleni ya chai, ambako ndiko urafiki wa kikazi unakofungwa. Wa Dar watacheka kidogo namna tunavyokichanganya, kisha watakupa namba zao.

Slaidi nane zinatosha. Fanya mazoezi bila kuziwasha, mbele ya mtu asiyejua fani yako, mimi nilimkalisha Mama wa jirani muuza samaki, na alipouliza "sasa huyo profesa analipwa kwa kuongea na simu?" nikajua slaidi ya gharama haiepukiki.

Kuhusu safari sina mengi. Paspoti ianze kushughulikiwa kabla ya muhtasari, maana mikutano haisubiri foleni zetu. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano itaulizwa mpakani. Mikutano mingi humtoza ada hata mtoa mada, kwa hiyo omba msamaha wa ada mapema, kwa barua ya ukurasa mmoja. Njia ikikataa, omba kutuma video na kujibu maswali kwa simu. Ninaowajua walioomba kwa adabu walikubaliwa.

Ukiwa na muhtasari, uwe Baraka, Fizi au Uvira, niletee niusome kabla hujautuma. Uchape kwenye karatasi, mega zangu ni chache.