Kagueni Nyumba Pamoja Kabla ya Kuinunua

Mume na mke fulani walinunua nyumba mwezi wa Januari, wakati wa jua kali. Mume alikwenda kuitazama peke yake, akaona rangi mpya, akalipa akiba yote ya sacco. Mvua za masika ziliposhika, unyevu ulipanda ukutani na choo kikaanza kurudisha maji machafu. Mke alipoulizwa linalomwumiza, hakutaja ukuta. Alisema, "Sikuulizwa."

Wenye ndoa, jifunzeni hapa.

Kwanza, nendeni wote wawili, na zaidi ya mara moja. Ikiwezekana, mrudi baada ya mvua kubwa. Waulizeni majirani habari za maji, mafuriko na barabara.

Pili, tazameni kwa makini. Ufa mwembamba kama unywele mara nyingi ni plasta iliyokauka tu. Lakini ufa mpana, au unaopanda kama ngazi kati ya mawe, waweza kuonyesha kwamba msingi unasogea. Jihadharini hasa penye udongo mweusi, kama sehemu za Athi River: huvimba kwa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Rangi mpya mahali pamoja tu yaweza kuficha unyevu. Tazameni madoa kwenye dari, fungueni mifereji yote, vuteni maji chooni, mwulize shimo la maji machafu liko wapi.

Tatu, leteni mhandisi aliyesajiliwa ambaye hakuletwa na muuzaji. Msimtegemee mthamini wa benki. Kazi yake ni kukadiria bei, si kutafuta kila kasoro. Jengo lililoanguka Huruma, Nairobi, Aprili 2016, lilikuwa kando ya mto, na watu zaidi ya 40 walikufa.

Nne, kagueni na karatasi. Wakili afanye sachi katika ofisi ya ardhi, na mpima ardhi aonyeshe mipaka. Kama nyumba ni mali ya ndoa ya muuzaji, sheria ya mwaka 2013 yataka mwenzake akubali pia. Ombeni kibali hicho kwa maandishi.

Mkishapata ripoti, kaeni mezani jioni, watoto wakiwa wamelala. Kasoro ndogo itumieni kupunguza bei. Kasoro ya msingi au ya hati, achaneni nayo, hata kama muuzaji anawaharakisha. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ukuta huo waweza kusimama kati ya mume na mke.

Jambo la kuzungumza nyumbani: Je, mwenzangu anajua kiasi cha akiba yetu? Akisema moyo wake haujatulia, je, niko tayari kungoja?